Hamud bin Muhammed: Sultani aliyetawazwa kwa mizinga

Mji wa Sultan Hamud, katika Kaunti ya Makueni, umekaa kando ya reli na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Aliyeupa jina hakuwahi kuitawala nchi hiyo ya Wakamba.

Seyyid Hamud bin Muhammed, mjukuu wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1853. Alipata kiti cha Zanzibar kwa vita ambavyo yeye mwenyewe hakupigana.

Mnamo Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia katika kasri na kujitangaza sultani. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao, walimtaka Hamud. Khalid akapewa hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 awe ameondoka, akakataa. Manowari za Admeri Harry Rawson zikafyatua mizinga, na kabla ya saa nne mambo yalikuwa yamekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na siku hiyo hiyo Hamud akatawazwa.

Vitabu vingi huvitaja vita hivyo kama kichekesho, kwa ufupi wake. Lakini Mjerumani Carl von Clausewitz alikwisha kufundisha kwamba vita ni siasa inayoendeshwa kwa njia nyingine, na pengine hakuna mfano ulio wazi kuliko huo: jina la mtawala lilichaguliwa kwanza, mizinga ikafuata.

Hamud alilipa deni lake. Mwezi Aprili 1897 alitia sahihi amri iliyoondoa uhalali wa utumwa, jambo ambalo Waingereza walikuwa wakilidai. Hata hivyo, mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana wake akilipwa fidia, na masuria hawakuhusika.

Wakati huo reli ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa kuelekea bara. Simulizi za reli husema sultani alifika kuitazama kazi hiyo, na kituo kikaitwa kwa jina lake.

Alifariki Julai 18, 1902, akarithiwa na mwanawe Ali. Khalid alitekwa na Waingereza mwaka 1916, akapelekwa uhamishoni Shelisheli na St Helena, kisha akaruhusiwa kurejea Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927.