Buda Aliyetaka Kumiliki Reli: Stori ya Mackinnon

Hebu simama pale reli inakatiza Kibera. Treni ikipiga honi wasee wanavuta bidhaa zao kando, inapita, wanazirudisha. Ushawahi jiuliza kitu kama hiyo hununuliwa wapi? Kuna buda alijaribu. Jina, William Mackinnon.

Usidhani alizaliwa na doh. Alizaliwa 1823 Campbeltown, kamji kadogo ka Scotland, na akaanzia kwa duka la vyakula. 1847 akaenda India, akaungana na beshte yake Robert Mackenzie kubeba mizigo baharini. Huko ndiko aliomoka. Kufikia 1872 meli za kampuni yake, British India, zilikuwa zinatia nanga Zanzibar.

Sasa cheki vile reli hutafutwa. Huanzi na vyuma, unaanza na karatasi. Ukanda wa Pwani ulikuwa wa Sultani Barghash. Mackinnon akamwendea 1877, dili ikakwama. Akangoja miaka 10, manze! 1887 watu wake wakapewa kibali cha miaka 50 kusimamia Pwani na kukusanya ushuru. 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni yake, IBEA, hati ya kifalme. Watu wa bara, ambao reli ingepita kwao, hakuna aliyewauliza.

1890 kampuni ikaanza kutandika reli kutoka Mombasa. Vyuma vyembamba, upana futi 2 tu. Zikafika kama maili 7, ganji ikaisha. Hiyo ni mathree ya 46 ikutoe Kawangware hadi tao, halafu iongeze kidogo tu. Na alikuwa anaenda Ziwa Victoria! Vyuma vyenyewe baadaye viliishia kubeba vitoroli vya kusukumwa na watu mjini Mombasa.

Mackinnon alikufa London 1893, kampuni ikiwa imesota vibaya. 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua kwa pauni 250,000. Sehemu kubwa ya hizo pesa, pauni 200,000, ilitoka kwa hela za Zanzibar. Yaani mwenye nyumba alilipia kumtoa mpangaji, na bado Mwingereza ndiye akabaki na funguo. Hapo mimi hukasirika kila nikisoma.

1896 serikali ikaanza reli yake, 1899 ikafika Nairobi, 1901 ikagonga ziwa. Hiyo inapita Kibera ilitokana na hiyo. Leo iko chini ya Shirika la Reli, na hata ukiwa na mamilioni hutauziwa. 2006 kampuni ya RVR ilipewa kuiendesha kwa miaka 25, 2017 ikanyang'anywa. Shirika ndilo lina karatasi ya ile ardhi ya kando. Mathe wa samaki hapo hana, ndio maana mabuldoza yakija yeye ndiye huhama.

Siku ukienda Mombasa, ukishapita Voi, angalia kibao. Kuna mji unaitwa Mackinnon Road. Ndiye huyo.