Freddie Mercury: Jamaa wa Zanzibar Aliyeimba Mpaka Pumzi Ikamwishia

Anko wangu alikuwa fundi wa redio kule Kariobangi. Alipoaga 2004 nilikuwa na miaka sita. Familia iligawana vyombo vyake vya kazi, ikagawana kabati, hadi koti lake likapata mwenyewe, lakini katoni yake ya kaseti hakuna aliyeitaka. Mathe akaibeba, akaisukuma chini ya kitanda kwa keja yetu, na hapo ikakaa mpaka nikafika kidato cha pili na kupata redio moja kuukuu iliyokuwa bado inapumua.

Nyingi zilikuwa rhumba. Lakini kulikuwa na moja, TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu: QUEEN. Upande wa kwanza anko alikuwa amerekodi albamu ya A Night at the Opera, na upande wa pili Innuendo. Sikujua hiyo bendi ni ya wapi. Nilijua tu kwamba hiyo sauti si ya mtu wa kawaida.

Leo wacha nikupigie stori ya mwenye sauti. Nitaipiga kupitia albamu zake ninazozipenda, juu huyu msee hakupenda kuongea kuhusu maisha yake, na albamu ndizo zinamfuata kila mahali alipopitia.

Mtoto wa Stone Town

Kwanza tuelewane, huyu si mzungu. Freddie Mercury alizaliwa Stone Town, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, na jina lake lilikuwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, watu wa dini ya Zoroasta. Buda yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni pale kisiwani.

Akiwa na miaka minane alipakiwa melini akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Huko ndiko wenzake walianza kumuita Freddie, na huko ndiko alipata bendi yake ya kwanza akiwa na miaka 12, yeye akiwa kwa piano. Alirudi Zanzibar 1963. Hata hajakaa vizuri, Januari 1964 mapinduzi yakalipuka. Familia ikahepa na kile ilichoweza kubeba, ikatua Feltham, kando ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Alikuwa na miaka 17 na ashaanza maisha upya mara tatu, kwa mabara matatu. Kwa hivyo ukisikia watu wakimlaumu eti alificha asili yake, kumbuka pia hiyo.

Pale Uingereza hakuletewa chochote kwa sinia. Alibeba mizigo ya abiria Heathrow. Alisomea usanii wa michoro chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Halafu yeye na rafiki yake Roger Taylor wakafungua kibanda Kensington Market, wakauza nguo kuukuu. Ndiyo, ulisoma vizuri. Freddie Mercury aliuza mitumba.

Queen (1973): Albamu ya usiku

Roger alikuwa mpiga ngoma, na bendi yake na mpiga gitaa Brian May ilikuwa imeachwa na muimbaji. Mwaka 1970 Freddie akaingia. Yeye ndiye aliyeleta jina la Queen, akachora nembo ya bendi kwa mkono wake, na jina la Bulsara akalibadilisha likawa Mercury. Mwaka uliofuata John Deacon akaja na gitaa la besi, na hao wanne hawakubadilika tena mpaka kifo.

Shida ilikuwa doh. Studio ya Trident, London, iliwakubali, lakini waingie tu saa ambazo wateja wenye pesa wameenda, mara nyingi usiku. Albamu ya kwanza wakaiunda hivyo, vipande vipande, ikatoka Julai 1973.

Enyewe si kazi yao bora. Imejaa vitu vingi, kila wimbo unataka kukimbia kabla mwenye mlango hajarudi. Lakini mimi naipenda kwa sababu yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na makala yangu ya kwanza nikaandikia kwa saiba ya jirani aliyeniachia mashine moja baada ya kufunga, saa nne usiku hadi saa sita. Nikiskiza hiyo albamu naijua hiyo haraka. Ni haraka ya mtu anayetumia saa za mwingine.

A Night at the Opera (1975): Wimbo wa dakika sita

Kufikia 1975 Queen walikuwa na albamu tatu na wimbo unaovuma, lakini mfukoni bado hakuna kitu. Wakakosana na mameneja wao, wakajitoa kwa mkataba, halafu wakafanya kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hafanyi akiwa mwishoni mwa pesa: wakatengeneza albamu iliyotajwa wakati huo kuwa ghali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Uingereza. Wimbo wa kwanza kabisa ni Freddie akimwaga hasira zake zote kwa piano. Ukidhulumiwa malipo yako kazini, huo ndio wa kufungulia sauti.

Halafu kuna Bohemian Rhapsody. Karibu dakika sita, wakati ambapo redio zilitaka dakika tatu. Katikati hakuna roki, kuna opera. Ile kwaya kubwa unayoiskia ni wasee watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wakiimba na kurudia, sauti juu ya sauti, hadi utepe wa kurekodia ukaanza kuchakaa. Waliambiwa hakuna kituo kitaucheza. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Na ndani yake kuna neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja na Mombasa hulitaja kabla ya kutia tonge mdomoni. Freddie hakuwahi kueleza huo wimbo unahusu nini. Lakini mimi nikifika hapo kwenye neno naona vichochoro vya Stone Town, na hakuna wa kunitoa hiyo picha kichwani.

News of the World (1977): Zawadi kwa mashabiki

Hii hata kama hujawahi kuiskia, ushaiimba. Siku ya michezo shuleni, fainali ya mpira, timu ikishinda wimbo ni mmoja: We Are the Champions, wa Freddie. Kabla yake kuna ule wa kupiga miguu chini na makofi, wa Brian May. Walikuwa wameona mashabiki wanaimba kwa nguvu kuliko bendi, wakaamua kuwaandikia nyimbo za kwao. Wazo rahisi tu, na karibu miaka 50 baadaye viwanja bado vinalitumia.

Makosa pia yalikuwepo

Hii makala si ya kumpaka mtu mafuta. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini, ubaguzi wa rangi ukiwa umekolea na wasanii wengi wamesusia. Umoja wa Mataifa ukaweka jina lao kwa orodha ya waliovunja mgomo, na chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, hiyo inauma, na sitaitafutia kisingizio.

Miezi tisa baadaye, 13 Julai 1985, wakapanda jukwaa la Live Aid pale Wembley, tamasha la kuchangia waliokuwa wanakufa njaa Ethiopia, jirani zetu. Watu 72,000 uwanjani, na Queen walipewa kama dakika 20 tu. Freddie akaitumia kila sekunde. Hadi leo watu wa muziki wakiulizwa shoo bora ya roki kuwahi kufanyika, wengi wanataja hiyo.

Innuendo (1991): Upande wa pili wa kaseti

Mwaka 1987 Freddie akajua ana virusi vya UKIMWI. Aliwaambia wachache sana. Magazeti ya udaku yakapiga kambi nje ya nyumba yake wakipiga picha za uso uliokonda, na kila akiulizwa alikataa. Wenzake wa bendi alipowaambia, wakafunga midomo na wakafunga mlango wa studio. Hakutaka huruma, alitaka kazi.

Hapo ndipo Innuendo ilitoka. Ilirekodiwa London na Montreux, Uswisi, ikaachiliwa Februari 1991. Usiiskize ukitarajia sauti ya mgonjwa. Miguu ilikuwa inakataa, lakini koo lilikuwa bado la simba. Brian May amesimulia mara nyingi kwamba aliogopa kumpa The Show Must Go On, juu ulikuwa juu sana kwa mtu wa hali hiyo. Freddie akapiga tama la vodka, akasimama, akauimba wote.

Sasa skiza hii. Innuendo ina zaidi ya dakika 45, na upande mmoja wa TDK 90 ni dakika 45. The Show Must Go On ndio wimbo wa mwisho wa albamu. Kwa kaseti ya anko haukuingia. Kwa miaka mingi nilidhani albamu inaishia pale utepe unapokata, klak! Niliuskia huo wimbo mara ya kwanza nikiwa na miaka 21, kwa simu, bando ikikaribia kuisha. Nilikaa kwa kitanda na sikuenda popote asubuhi hiyo.

Mei 1991 Freddie alirekodi Mother Love, na ndiyo sauti yake ya mwisho studioni. Alifika mahali akasema amechoka, angemalizia siku nyingine. Siku hiyo haikuja, na beti ya mwisho aliiimba Brian. Iko kwa Made in Heaven, albamu ambayo wenzake waliimaliza na kuitoa 1995.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana UKIMWI. Siku iliyofuata akafa nyumbani kwake London, miaka 45. Aliagwa kwa taratibu za Kizoroasta, dini ya wazazi wake, na mwili wake ukachomwa. Dawa za kuchanganya ambazo zimewaweka hai mamilioni zilikuja 1996.

Zanzibar yenyewe ilichukua muda. Mwaka 2006 sherehe ya kukumbuka siku yake ya kuzaliwa ilifutwa baada ya kundi la kidini kupinga. Lakini 2019 jumba lake la makumbusho likafunguliwa Stone Town, na barabara lilipo inaitwa Kenyatta. Ukienda likizo, pita pale.

Ile asubuhi ya simu, mathe alisikia huo wimbo kutoka jikoni, akaja akauliza huyo anayelia hivyo ni nani. Nikamwambia ni yule wa kaseti ya anko. Nikamweleza ametoka Zanzibar, amekufa na nini, na kwamba alinyamaza hadi siku moja kabla. Halafu nikamuuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuuliza kwetu: anko naye alikufa na nini? Maana sisi watoto tuliambiwa ni homa ya mapafu, na mtaani tulisikia amekanyaga waya, na nyumbani tulisikia tunyamaze.

Mathe akakaa kwa kiti cha plastiki, mwiko bado mkononi. Akaniambia. Akaniambia pia kwamba anko alikuwa anaujua ugonjwa wake miaka mitatu, na kwamba alitengeneza redio za watu hadi wiki ya mwisho, mikono ikitetemeka, hataki mteja arudi nyumbani bila redio yake.

Halafu akaniomba niurudie wimbo. Bando ikaishia katikati, ikabidi nikimbie dukani kununua nyingine.