MAREHEMU KASISI APOLO KIVEBULAYA

Marehemu Apolo alikuwa mtu wa Buganda, akabatizwa katika mwaka wa 1895. Mwaka wa 1896 alivuka mto Semliki kwenda kufundisha Mboga, ambayo leo imo katika Kongo. Chifu Tabaro alimchukia, akawakataza watu wasimpe chakula. Apolo akashika jembe, akalima mwenyewe. Ndipo dada yake chifu alipoangukia mkuki uliofichika majanini, akafa. Apolo alishtakiwa kwamba ameua, akafungwa na kupelekwa mpaka gerezani Fort Portal. Humo, kama alivyosimulia baadaye, Kristo alimtokea akamtia nguvu.

Mtu mwingine, alipofunguliwa, angedai fidia, na nadhani wazee wetu wengi wangempa haki. Yeye alirudi Mboga kwa Tabaro yule yule, akiamini kwamba Mungu humtamani adui kama baba amtamanivyo mwana aliyepotea. Tabaro alibatizwa.

Katika uzee wake aliwaendea Wambuti msituni. Alifariki tarehe 30 Mei, 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliagiza chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.