Jack Kirby: Mchoraji wa mashujaa wa sinema aliyepigania kurasa zake

Jina la Jack Kirby halitajwi sana katika foleni za majumba ya sinema, ingawa sura alizozichora zinafahamika karibu kila mahali penye runinga. Captain America, Thor, Hulk, kikosi cha X-Men, Fantastic Four na Black Panther, wote walipita chini ya penseli yake kabla ya kufika kwenye filamu. Mchoraji huyo wa Marekani alifariki dunia tarehe 6 Februari 1994 akiwa na umri wa miaka 76, bila kummiliki hata mmoja wao. Sehemu ya uzee wake aliitumia kudai kitu kilichoonekana kidogo zaidi, nacho ni kurudishiwa karatasi alizozichora kwa mkono wake.

Mtoto wa Lower East Side

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 jijini New York, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka himaya ya Austria, na baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Familia iliishi Lower East Side, mtaa wa wahamiaji uliojaa vyumba vya kubanana, ambako watoto wa barabara moja walipigana na wa barabara ya pili kwa ngumi na mawe. Kirby alikuwa mfupi wa kimo na hakukwepa ugomvi. Mapigano hayo ya vichochoroni hayakumtoka. Hata alipozeeka, mtu aliyemchora akirusha ngumi, mwili mzima ulikwenda nayo.

Hakupata elimu ndefu ya sanaa. Aliingia katika Taasisi ya Pratt, akatoka baada ya muda mfupi mno, kisha akajifundisha mwenyewe kwa kunakili michoro ya magazetini na kutazama sinema. Katikati ya miaka ya 1930 alipata kazi katika studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za kati, zile zinazounganisha mwendo mmoja na mwingine. Aliiona ni kazi ya kiwandani kama ya baba yake, akaiacha.

Majarida ya vibonzo yalipoanza kuuzwa kwa wingi mwishoni mwa muongo huo, alikutana na Joe Simon, na wawili hao wakaunda Captain America. Toleo la kwanza liliingia sokoni mwishoni mwa 1940, likiwa na tarehe ya Machi 1941. Jalada lilimwonesha shujaa huyo akimtandika Adolf Hitler ngumi ya taya, mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani. Nakala zilizouzwa zilikaribia milioni moja. Pamoja na sifa vikaja vitisho, kwani New York nayo ilikuwa na wafuasi wa Unazi.

Vita alivyovichora vyamfikia

Mwaka 1942 Kirby alimwoa Rosalind Goldstein, aliyejulikana kwa jina la Roz. Mwaka uliofuata aliitwa jeshini, na katika majira ya joto ya 1944 akateremshwa Normandy, Ufaransa, wiki kadhaa baada ya uvamizi wa washirika. Ofisa mmoja alipotambua kuwa ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi ya kutangulia mbele ya wenzake, kupeleleza na kuchora ramani za mahali alipo adui. Kipaji ambacho kingeweza kumweka ofisini kikampeleka karibu zaidi na risasi.

Mwaka huohuo wa 1944, kampuni ya Republic ilimtoa Captain America katika filamu ya mfululizo. Shujaa wake akawa sinemani huku yeye akiwa kwenye matope ya Ulaya. Majira ya baridi yalimganda miguu kiasi cha kukaribia kukatwa. Alipona, akarejea nyumbani mwaka 1945.

Baada ya vita, yeye na Simon waligeukia hadithi za mapenzi, na jarida lao la mwaka 1947 likafungua soko jipya. Lakini katikati ya miaka ya 1950 wazazi na wanasiasa wa Marekani waliingiwa na hofu kwamba vibonzo vinawaharibu vijana. Baraza la Seneti lilisikiliza malalamiko mwaka 1954, wachapishaji wakajiwekea kanuni kali, na kampuni nyingi zikafunga milango. Kirby, sasa baba wa familia, alirejea katika kampuni ambayo muda si mrefu ingejulikana kama Marvel.

Mshahara wa ukurasa

Kuanzia mwaka 1961, akishirikiana na mhariri Stan Lee, Kirby alizalisha kwa kasi ambayo hadi leo inastaajabisha. Fantastic Four walitangulia, wakafuatiwa na Hulk na Thor mwaka 1962, kisha X-Men na Avengers mwaka 1963. Utaratibu wao haukuwa wa kawaida. Mara nyingi hapakuwa na hadithi iliyoandikwa kamili. Walizungumza kwa kifupi, Kirby akashuka kwenye chumba chake cha chini ya nyumba, akachora kisa chote picha kwa picha, na Lee akaweka maneno mwishoni. Ni kiasi gani cha hadithi kilitoka kwa nani, hilo limebishaniwa tangu siku zile.

Kilichokuwa wazi ni malipo. Kirby hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa kila ukurasa aliouwasilisha, bila mrabaha na bila pensheni. Shujaa akiuza nakala milioni au akitengenezewa vipindi vya televisheni, malipo ya ukurasa yalibaki yaleyale. Aliyelipwa kwa ukurasa hana budi kuchora kesho ili ale kesho, naye alikuwa na mke na watoto wanne.

Mwaka 1970 aliondoka kwenda kwa washindani, kampuni ya DC, alikobuni miungu wapya na adui wao mkuu, Darkseid. Alirudi Marvel kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akahamia kwenye katuni za televisheni, ambako hatimaye alipata ujira mzuri na bima ya afya.

Katika kipindi hicho alichora pia mandhari ya filamu moja ya kubuni ambayo haikutengenezwa. Michoro hiyo ilifika mikononi mwa shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Mwaka 1980 maofisa wake waliitumia kujifanya watengenezaji wa sinema, wakawatoa Tehran Wamarekani 6 waliokuwa wamehifadhiwa na wanadiplomasia wa Canada. Siri hiyo ilitangazwa mwaka 1997, Kirby akiwa tayari ametangulia mbele ya haki.

Kurasa 88

Ili kuelewa mgogoro uliomkabili uzeeni, ni lazima kujua ukurasa halisi wa kibonzo ni kitu gani. Ni karatasi ngumu, kubwa kuliko jarida lenyewe. Mchoraji huchora kwa penseli, mwingine huandika maneno, wa tatu hupitisha wino juu ya mistari. Karatasi hupigwa picha, na rangi huongezwa katika hatua za uchapaji. Kwa hiyo karatasi yenyewe hubaki nyeusi na nyeupe, ikiwa na alama za kufuta, rangi nyeupe iliyoficha makosa na vipande vilivyobandikwa kusahihisha.

Kwa miaka mingi wachapishaji waliziona karatasi hizo kama mabaki ya kazi. Zilirundikwa ghalani, zikatolewa zawadi, zikaibwa, zikaharibiwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mambo yalibadilika. Wapenzi wa vibonzo walianza kuzinunua, na kampuni zikaanza kuwarudishia wachoraji kazi zao. Kwa mchoraji asiye na pensheni, bunda la kurasa za zamani lilikuwa akiba ya uzeeni.

Mwaka 1984 Marvel ilipowatumia wachoraji wengine fomu ya ukurasa mmoja ili warudishiwe michoro yao, Kirby alitumiwa hati ya kurasa nne. Ilimtaka akubali kuwa hana dai lolote juu ya wahusika aliowabuni, na ilimwekea masharti juu ya hata zile karatasi ambazo angerudishiwa. Alichoahidiwa ni kurasa 88, ilhali inakadiriwa aliichorea kampuni hiyo zaidi ya kurasa 10,000.

Alikataa kutia saini. Wachoraji na waandishi wenzake, wakiwemo vijana waliokua wakimsoma, walitia saini zao kwenye malalamiko ya hadhara, na suala hilo likazungumzwa katika mikutano ya mashabiki na magazetini. Mwaka 1987, baada ya kupewa fomu fupi kama wengine, Kirby alipokea karibu kurasa 2,000. Nyingine zilikwisha kutawanyika, na baadhi ziliuzwa na watu ambao mchoraji hakuwapa.

Ushahidi wa pembezoni

Thamani ya kurasa hizo inazidi uzuri wa michoro. Pembezoni mwa nyingi kati ya zile za katikati ya miaka ya 1960 yamo maandishi ya penseli ya Kirby mwenyewe, yakieleza kinachotokea katika kila picha ili mhariri ajue maneno gani ayaweke wapi. Sehemu hiyo haikuchapishwa. Msomaji wa jarida hakuiona kamwe, lakini anayeishika karatasi halisi huiona. Hivyo wakusanyaji waliozitunza wametunza pia ushahidi wa nani alifanya kazi gani.

Baadhi ya hazina hizi zimeingia mikononi mwa umma. Mwaka 2008 mtu ambaye hakutaka kutajwa aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 halisi za mchoraji Steve Ditko, zikiwemo zile za kisa cha kwanza kabisa cha Spider-Man. Nyingi huenda mnadani. Januari 2022, ukurasa mmoja wa Spider-Man uliochorwa na Mike Zeck mwaka 1984, mwaka uleule wa hati ya kurasa nne, uliuzwa kwa dola milioni 3.36. Filamu zikivuma, bei za kurasa hupanda nazo.

Warithi na sinema

Mwaka 2009, kampuni ya Disney ilipotangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, watoto wanne wa Kirby waliwasilisha notisi 45 za kudai hakimiliki. Mahakama iliamua mwaka 2011 kuwa kazi hizo zilifanywa kwa niaba ya kampuni, na rufaa ya 2013 ikakubaliana na uamuzi huo. Septemba 2014, siku chache kabla Mahakama ya Juu haijajadili kama iisikilize kesi, pande mbili zilipatana bila kutangaza masharti. Baada ya hapo jina la Kirby lilianza kuonekana wazi zaidi kwenye majarida na filamu, na mwaka 2017 Disney ilimtunuku heshima yake ya juu.

Kwa Afrika Mashariki, kazi yake ilifika kwa mlango wa Wakanda. Mfalme T'Challa, Black Panther, alitokea mara ya kwanza katika toleo la Julai 1966 la Fantastic Four. Mataifa mengi ya Afrika yalikuwa na miaka michache tu ya uhuru, na Wamarekani weusi bado walikuwa wakiandamana kudai haki zao, pale Kirby na Lee walipochora nchi ya Kiafrika ambayo haikuwahi kutawaliwa na wageni na iliyoishinda dunia kwa ufundi. Filamu ya 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ndani yake walikuwamo Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya, mtoto wa wazazi wa Uganda. Kabla ya kuenea duniani, ilioneshwa Kisumu, nyumbani kwa akina Nyong'o.

Roz, aliyesimama naye katika madai yote, alifariki mwaka 1997, kabla ya filamu hizo kubwa. Mwaka 2025 Fantastic Four walirudi sinemani katika kisa kinachofanyika kwenye dunia iliyopewa namba 828. Namba hiyo imetokana na mwezi wa nane, tarehe 28, siku aliyozaliwa Jack Kirby.