Edwin Armstrong, mhandisi aliyeituliza sauti ya redio

Kila anayefungulia redio ya FM hunufaika na kazi ya Edwin Howard Armstrong, mhandisi wa Marekani ambaye uvumbuzi wake ulimpa sifa, kisha ukamfikisha mahakamani hadi mwisho wa maisha yake.

Armstrong alizaliwa New York tarehe 18 Desemba 1890. Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kuyapa nguvu mawimbi dhaifu ya redio. Lee de Forest alidai uvumbuzi huo ni wake, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa de Forest ushindi.

Wakati huo Armstrong alikwishageukia tatizo jingine. Katika redio za zama hizo, sauti ilibebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Radi ilipopiga, au wimbi lilipofifia njiani, redio haikuweza kutenganisha badiliko hilo na sauti yenyewe. Armstrong aliibebesha sauti kwenye mabadiliko ya masafa, yaani idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde, na akayapa nafasi pana, njia ambayo wataalamu walikuwa wameidharau. Redio yake ilifuta kwanza tofauti za nguvu, kisha ikayageuza mabadiliko ya masafa kuwa sauti. Alipewa hataza mwezi Desemba 1933.

Faida hiyo ilikuwa kubwa hasa barabarani. Gari linapokwenda, mawimbi hulifikia kwa njia nyingi, mengine yakirudishwa na majengo na vilima. Mara husaidiana, mara hufutana. FM ilivumilia misukosuko hiyo, mradi wimbi lisizame kabisa. Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walianza kuwasiliana kwa FM kutoka magarini. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Armstrong aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia hataza zake bila malipo.

Mwaka 1945 serikali iliihamishia FM kwenye masafa mengine, na redio zilizokwishauzwa zikapitwa na wakati. Mwaka 1948 aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila kumlipa. Kesi ilimmalizia mali na kuivunja ndoa yake, na mwanzoni mwa mwaka 1954 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 63.

Mjane wake, Marion, hakuyaacha mashauri hayo. RCA ilikubali kumlipa mwaka huohuo, na ya mwisho, dhidi ya Motorola, aliishinda mwaka 1967.