Harry Thuku: Opareta wa simu aliyeitikisa Nairobi

Kama unaishi Kawangware au Riruta Satellite na umewahi kwenda tao kwa shughuli za chuo, bila shaka umepita Harry Thuku Road, ile barabara iliyo kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk. Jina unalijua. Historia ya darasani nayo ilikupa mistari mitatu: alipinga kipande, akakamatwa 1922, watu wakapigwa risasi. Mtihani ukaisha, mkaachana naye.

Leo nakuomba umrudie, kwa sababu kuna upande wake ambao hausemwi sana. Thuku alikuwa kijana wa mashine. Kabla ya kuitwa mwanasiasa, alijua kutumia vyombo ambavyo watu wengi wa rika lake hawakuwa wamevigusa, na siasa yake yote ilianzia hapo.

Alizaliwa 1895 upande wa Kambui, Kiambu. Baba yake alifariki Thuku akiwa bado mdogo. Wamishonari wa Kimarekani walikuwa na kituo Kambui, na kijana huyu akaishi kwao kama miaka minne, akijifunza kusoma na kuandika. Mwaka wa 1911 akaja Nairobi kutafuta kazi, vile tu vijana wa leo wanavyoshuka stendi na begi moja. Alipata kazi ya tarishi katika benki. Halafu akafanya ujinga: akaghushi hundi. Alifungwa miaka miwili.

Usiruke hapo haraka. Jambo la kwanza kubwa alilofanya na elimu yake mjini lilikuwa wizi wa maandishi. Leo tungesema amekula pesa za mtu kwa simu. Kujua chombo hakumfanyi mtu kuwa mwema, na wewe unayesoma hapa pengine unamjua kijana wa mtaa mwenye akili kama hiyo ya kompyuta na tabia kama hiyo.

Alipotoka jela aliingia katika kiwanda cha uchapishaji cha gazeti la walowezi, Leader of British East Africa. Kazi ilikuwa kupanga herufi za risasi moja moja kwenye fremu, na herufi zenyewe zimegeuzwa kama unaziona kwenye kioo. Ndio, alikuwa akipanga kwa vidole vyake maneno ya watu waliotaka ardhi ya kwao na nguvu kazi yao kwa bei ya chini. Ni lazima alikuwa akisoma anachopanga. Baadaye akahamia hazina ya serikali kama opareta wa simu. Hebu fikiria: Nairobi ya 1918 hivi, Mwafrika ameketi mbele ya ubao wa nyaya, anaunganisha wakubwa wakizungumza. Kwa kipimo cha sasa, huyo ndiye jamaa wa IT.

Sasa weka hilo kando ya kipande. Wewe ukisema kipande leo unamaanisha kitambulisho kilicho kwenye waleti. Cha wakati ule kilikuwa kitu kingine. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kumtambulisha, na akaitembeza ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri ndiye aliyeandika humo: umeanza kazi lini, unalipwa ngapi, umeachishwa lini. Asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukitoroka unasakwa kwa namba yako.

Na wengi waliokivaa hawakuweza kukisoma. Maisha yako yamening'inia kifuani pako mwenyewe, lakini wa kukuambia yanasema nini ni mtu mwingine.

Nadhani unaona ninapoelekea. Mwaka wa 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na kodi ya kibanda ilikuwa tayari imepanda hadi shilingi 16. Watu walikuwa wamebanwa kila upande. Mwezi wa Juni machifu wa chama cha Kikuyu Association walikutana na maafisa wa serikali na wamishonari Dagoretti, mlango wa pili kutoka hapo ulipo Riruta na Kawangware. Thuku na vijana wenzake walikuwepo, na hawakuridhika na unyenyekevu wa machifu. Kufika Julai 1, chama chao kilikuwa kimepewa jina la East African Association. Angalia jina hilo vizuri. Halikutaja kabila. Ndani yake walikuwemo Wakikuyu, Waganda, Wakamba, Waluo, Waislamu wa vijiji vya Waafrika mjini, watu wa Nyasaland, na wengi walikuwa makarani, madereva na wapishi.

Lakini makarani hao hawakuwa na mashine yao ya kuchapa. Hapo ndipo anaingia Manilal Desai, kiongozi wa Wahindi wa Nairobi aliyekuwa na gazeti, East African Chronicle. Wahindi nao walikuwa wakivutana na walowezi kuhusu haki zao, kwa hivyo kila upande ulimhitaji mwingine, si ati Desai alikuwa malaika. Alimpa Thuku nafasi ofisini kwake, na mitambo ya gazeti lake ikachapa makaratasi ya chama kwa Kiswahili. Huo ndio ushirikiano ninaoupenda: mmoja ana chumba na mtambo, mwingine ana watu na ujuzi wa kuutumia, na hakuna anayesubiri mfadhili kutoka mbali.

Halafu Thuku akafanya kitu kilichowakera wakubwa wote kwa mpigo. Baada ya mkutano wa Julai alituma simu ya maandishi moja kwa moja London. Hakupitia kwa chifu, hakupitia kwa mkuu wa wilaya wala kwa mishonari. Mwaka huo huo chama kiliandikia pia chuo cha Tuskegee kule Marekani kikiomba msaada wa elimu. Machifu walichukia kurukwa, wamishonari wakachukia, serikali nayo ikamwachisha kazi. Hakunyamaza. Alizunguka Kiambu na Murang'a akiwaambia watu wakusanye vipande vyao wavirudishe kwa gavana.

Machi 14, 1922 akakamatwa. Umati ukajaa nje ya kituo cha polisi, karibu na Norfolk, na siku mbili baadaye, wanaume walipoanza kulegea, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaaibisha kwa kuinua nguo yake mbele yao. Watu wakasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21; wengine waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Thuku alipopelekwa Kismayu bila kesi, chama kilizimwa Nairobi, na maelfu waliojitokeza kwa ajili yake wakarudi nyumbani na vikopo vyao shingoni. Ujuzi wa simu, wa barua na wa mtambo ulikuwa mikononi mwa watu wachache mno. Ukimwondoa mmoja, laini inakatika. Kipande kiliendelea hadi 1947.

Hili ndilo linalonifanya niwafikirie wazazi wetu wa Satellite na Kawangware. Leo cheti cha kuzaliwa, leseni, ushuru wa KRA, vyote viko kwenye eCitizen au iTax. Mama anayeuza mboga anaingia saiba, anampa kijana kitambulisho, namba ya simu na paswadi, na kijana anaiandika paswadi hiyo kwenye daftari la saiba. Akitaka huduma nyingine mwezi ujao, lazima arudi kwa kijana huyo huyo. Na nyumbani ni wewe: shosho anakupa simu pamoja na PIN, unamalizia kila kitu kwa dakika mbili, unamrudishia. Umemsaidia, ndiyo. Lakini bado hajui kusoma kipande chake.

Kumfundisha kunachukua Jumamosi kadhaa na uvumilivu mwingi, kwa sababu mtu aliyeshika jembe au sufuria miaka 40 hushika mausi kama yai. Kinachohitajika ni ukumbi wa kanisa usiotumika Jumamosi, kompyuta nne tano ambazo ofisi fulani imezibadilisha, na vijana waliomaliza kidato cha nne wakisubiri chuo. Hata jina tunalo: wazee wetu walisoma ngumbaru kwa ubao na chaki. Na hatuwezi kusema jamii haiwezi bila serikali, maana mwaka wa 1939 chuo cha ualimu cha Githunguri, chini ya Mbiyu Koinange, kilifunguliwa kwa michango ya wananchi, rika kwa rika likichanga, wengi wao watu wasiojua kusoma. Serikali ya kikoloni ilikifunga 1952, lakini kilikuwa kimesimama.

Thuku mwenyewe alizungushwa Kismayu, Lamu, Witu na Marsabit hadi alipoachiliwa mwishoni mwa 1930. Aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association mwaka wa 1932, akakosana na wenzake, akaanzisha chama kingine cha upole, na wakati wa Mau Mau akasimama upande wa kuwapinga wapiganaji. Wapo ambao hawakumsamehe mpaka leo, na sitakuambia wamekosea. Yeye aligeukia kahawa shambani kwake Kambui, akawa mkulima anayetajika na kuingia katika uongozi wa wakulima wa kahawa.

Alifariki Juni 14, 1970. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha maisha yake, alichokiandaa kwa msaada wa mtafiti kijana kutoka Uingereza, Kenneth King. Kijana yule wa kupanga herufi alikuwa sasa mzee wa miaka 75, na safari hii maneno yaliyopangwa yalikuwa yake.