Peter Blake: nahodha aliyeacha mbio akaitetea bahari

Baharia Peter Blake alizaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1948.

Katika mbio za matanga, wa kumshinda walikuwa wachache. Msimu wa 1989-90 aliizunguka dunia na Steinlager 2, akashinda kila hatua. Mwaka 1994, yeye na Robin Knox-Johnston waliizunguka tena bila kusimama, kwa siku zisizotimia 75.

Baadaye akaachana na mbio. Kwa chombo chake Seamaster alikwenda Antaktika kisha mto Amazon, kuwaonyesha watu hali ya maji ya dunia. Mwaka 2001 aliteuliwa mjumbe maalumu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu hapa kwetu Nairobi. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo, majambazi walikivamia chombo chake Macapá, Brazil, wakamuua. Alikuwa na miaka 53.

Ninalompendea ni hili: hakumkataza mtu starehe ya bahari. Aliamini anayeipenda ndiye atakayeilinda.

Nasi tunaopeleka wageni kwa boti Watamu, Wasini na Lamu tulichukue hilo. Nanga ikitupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichoota miaka mingi, na samaki wakakosa makao. Tufunge kwenye boya, au tutie nanga mchangani. Chupa na mafuta machafu turudi navyo nchi kavu. Mgeni haji kutazama mwamba uliokufa, na mvuvi hapati kitu hapo.